Kupima Weusi

Deki imekuja Jumanne, katika boksi lisilo lake,
boksi la pasi, limefungwa kamba ya katani.
Mbonea wa vitu vilivyotumika ameniapia kwa mama yake:
"Bibi, hii ni blurei halisi, imetumiwa na Mzungu mmoja tu,
na wala hakuwa mtazamaji."
Nimecheka. Nimelipa. Sijampa yote.

Miaka thelathini na miwili nimepokea wagonjwa,
sijui kumpokea mgeni kwa njia nyingine.
Nimeiweka mezani, nimeiwasha,
nimeipapasa mgongoni kwa kiganja: vuguvugu, si homa.
Nimesikiliza. Feni inakoroma upande wa kushoto
kama mzee aliyelala chali.
Nimeandika daftarini: saa moja na nusu jioni imemeza diski,
imekaa sekunde arobaini na moja bila kusema neno.
Nimeona vichanga vilivyochukua muda
na baadaye vikalia vizuri tu.

Aikande, mjukuu wangu, ameegemea mlango na simu yake.
"Bibi, siku hizi nani ananunua deki? Filamu zote zimo humu."
Zimo, mpaka bando liishe.
Zimo, mpaka kile kiduara kianze kuzunguka
mtu amefungua mdomo na siri imemkwama kooni.
Lakini sikumjibu hivyo. Nilimwambia, leta pamba.
Ni msimu wa kuchoma miwa kule TPC,
masizi yanashuka Rau nzima,
kwenye mashuka ya kamba, kwenye sufuria ya maziwa,
na sasa kwenye diski.
Futa kutoka kati kwenda nje, nikamwonyesha.
Kidonda nacho huanzia kati.

Sauti:
spika ni zilezile za marehemu Elinami,
moja ina kovu la panya.
Mvua ya kwenye filamu ilipoanza kunyesha
tulimsikia Anaufoo, jirani, akikimbia uani
kuanua nguo, akimwita mwanawe amsaidie.
Nimeipa tisa. Ningeipa kumi,
ila Anaufoo hana masikio ya kuaminika.

Picha sasa.
Watu husifu rangi. Rangi kila deki inayo,
hata ile yetu ya zamani iliyokuwa ikila diski.
Mimi napima weusi.
Nimetembea wadini saa tisa za usiku bila tochi,
najua weusi si mmoja:
upo wa blanketi, upo wa ukuta, upo wa nywele,
na upo wa jicho lililo wazi
la mtu anayejifanya amelala.
Deki mbaya huufanya wote kuwa mfuniko wa sufuria.

Kuna usiku katika filamu hii. Mwanamume anaingia chumbani,
taa haiwashi, anakaa ukingoni mwa kitanda, anaungama.
Nimemtazama mara nne maishani
nikidhani anazungumza peke yake.
Leo, nyuma ya pazia,
nimeona mkono. Kisha bega.
Kisha mwanamke mzima, amesimama, kiganja mdomoni,
anasikia kila neno.

Elinami alikuwa akisema, "Kuna mtu pale."
Yeye aliiona ujanani, kwenye kitambaa kikubwa
cha jumba la sinema mjini, kabla hatujajuana.
Kila mara alisema, akinyoosha kidole kwenye giza la runinga yetu,
na kila mara nilimwambia, macho yako hayo, baba,
kesho twende ukapimwe.
Nikampeleka, kweli. Akapewa miwani.
Hakusema tena.

"Bibi, umeipa ngapi?"
Nikamwambia arudishe nyuma kidogo.
Rimoti ikagoma, akaipiga kofi, ikakubali.
Mwanamume akaingia tena. Nikasogeza kiti.
Safu ya weusi daftarini bado iko tupu.

Kesho nampelekea Mbonea hela yake iliyobaki.
Na nitamwambia kuhusu ile feni.